UZI: Kwa nini pambano moja la kachi tunaliamini na lingine linatushinda?

#1 Kona_ya_Katuba

Hodi wapenzi wa kachi, mieleka yetu ya maonyesho, wa Lubumbashi na wa mbali. Nafungua uzi huu tuongee jambo moja tu: sababu. Kila anayelipa kiingilio anajua kwamba mshindi kapangwa kabla ya kengele, na hilo halimuudhi. Linalomuudhi ni kuona mtu amepigwa goti dakika tano nzima, anachechemea, kisha anapanda kona, anaruka, anatua kwa miguu miwili na kuanza kushangilia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo watu wanaanza kupiga soga na jirani zao.

Nianze na goti hilo hilo, maana ndani yake mna karibu kila kitu.

Mkorofi, yule mpiganaji anayezomewa na watu, akichagua goti, achague moja na asilibadilishe. Marekani na karibu kote kwingine wanashambulia upande wa kushoto wa mwili; Meksiko wanashambulia wa kulia. Marekani kabali hushikwa kwa kushoto, na kazi nyingine zikafuata upande huo. Nyinyi chagueni upande wowote, ila mkubaliane kabla, na wote wawili mkumbuke. Mtu akipigwa goti la kushoto halafu akashika la kulia, safu ya mbele inaona papo hapo, na watoto ndio wa kwanza kupiga kelele.

Sasa hesabu ya maumivu. Pigo la kwanza, tuseme teke nyuma ya goti, halimlemazi mtu. Anasimama, anaukung'uta mguu, anaendelea, lakini mbio zimepungua kidogo. La pili linamfanya aegemee kamba. La tatu linamwangusha, na tangu hapo hakimbii tena bila kulipa. Kama ni lazima aruke, na mara nyingi ni lazima kwa sababu watu wamekuja kumwona akiruka, basi atue kwa mguu mzima. Au atue kwa yote miwili, goti limkatalie, aanguke kando ya mpinzani aliyemwangukia. Anatambaa. Sekunde tano, sita. Anafika, anamlalia kifuani. Mwamuzi anapiga moja, mbili, na kabla ya tatu, ambayo ingemaliza pambano, mpinzani anainua bega.

Tazameni kilichotokea. Bega limeinuka kwa sababu goti lilichelewesha. Pigo la kuruka limebaki na heshima yake, mpinzani hajageuka jabali lisiloumia, na kazi ya mkorofi ya dakika tano imezaa tunda mbele ya macho ya watu. Hakuna aliyeelezwa kitu, na wote wameelewa.

#2 DadaWaRuashi

Yaya Kona, aksanti kwa kuanzia hapo. Niongeze pambano ambalo kila anayejifunza kazi hii angelitazama polepole, akisimamisha picha: Ricky Steamboat na Randy Savage, tarehe 29 Machi 1987, Pontiac, Michigan. Halikufika hata dakika 15.

Miezi kabla, Savage alikuwa amemponda Steamboat koo kwa kengele ya ringi. Basi siku ile koo lilikuwa ndilo kidonda. Kila Savage alipolirudia, hakuhitaji kumweleza mtu kwa nini. Mwishoni akaitaka tena kengele ile ile, silaha iliyompa faida mara ya kwanza. George Steele, aliyekuwa upande wa Steamboat, akamvurugia. Savage akamwinua Steamboat ampige mweleka, Steamboat akamkunja akiwa mikononi mwake, mabega chini, moja, mbili, tatu.

Savage aliangushwa na tamaa yake ya kengele. Ukiiondoa kengele mwanzoni, mwisho unakosa maana. Na inajulikana kwamba Savage alikuwa mtu wa kupanga kila hatua kabla, anaiandika na kuirudia na mwenzake mpaka iingie kichwani. Anayesema kupanga kunaua pambano atazame lile kwanza.

Siku hiyo hiyo kuna Hulk Hogan na André. Hogan anajaribu kumwinua mapema, uzito unamshinda, André anamwangukia na mwamuzi anahesabu mbili. Kuanzia hapo mgongo wa Hogan ni jeraha, na swali la watu wote ni moja: ataweza kumwinua? André alitangazwa kuwa na kilo 236. Alipoinuliwa mwishoni, uwanja ulikuwa umekwisha kufundishwa, kwa kushindwa kule kwa kwanza, jinsi jambo lile lilivyo gumu. Kushindwa kwanza ndiko kunakokipa kitendo thamani, na wengi wanaliruka hilo kwa haraka ya kufika kwenye shangwe.

#3 Mgeni_Kadutu

Shikamoo wakubwa. Naandika kutoka Bukavu. Swali langu ni lile ambalo kila shemeji asiyependa kachi huuliza: mtu akisukumwa kwenye kamba, kwa nini anarudi mbio? Kwa nini asisimame tu?

#4 Kona_ya_Katuba

Marahaba mdogo wangu. Shemeji ana haki ya kuuliza, na jibu lisitafutwe kwa maneno, litafutwe kwa miguu.

Kumrusha mtu kwenye kamba kunaaminika mambo matatu yakiwepo. La kwanza, awe tayari ameyumba. Mtu mzima kabisa, sekunde ya kumi ya pambano, hakubali kurushwa. Anakaza miguu, anashika kamba ya juu, au anaugeuza mvuto na kumrusha mwenzake. Mwonyesheni akikataa mara moja mapema, na akikubali baadaye watu wataelewa kwamba nguvu zimemwisha. La pili, anayerusha avute kweli: mkono wa mpinzani uvutwe kwanza kuelekea kwake, nyonga igeuke, kisha aachie. Wengi wanashika kifundo cha mkono na kuachia tu, na anayekimbia anaonekana kama amekumbuka shughuli upande wa pili. La tatu, ringi yenyewe. Katika ringi ya mita 6 kwa 6, kutoka katikati ni hatua tatu tu mpaka kamba. Hatua tatu ni mtu aliyesukumwa. Hatua sita ni mtu anayefanya mazoezi ya asubuhi.

Akifika, mgongo ugonge kamba ya juu chini kidogo ya mabega, na mkono mmoja uishike kamba hiyo. Mkono ule ni usalama kwanza, kamba ikikatika hajarushwa nje. Pia unampa njia ya kukataa: akiamua kutorudi, anaing'ang'ania na kubaki pale. Tumieni hilo! Mpinzani amekwisha kurusha teke la kumngojea, teke linapita hewani, anaanguka mwenyewe. Jibu la swali la shemeji hilo hapo: wakati mwingine kweli harudi. Na kwa kuwa wakati mwingine harudi, anaporudi kunakuwa na maana.

Kwa pambano la dakika 12 usizidishe mara nne.

#5 FundiRingi

Nimefurahi mtu ameitaja ringi, maana mapambano mengi yanauawa na seremala kabla ya wapiganaji kuvaa.

Ringi ya kachi ina kamba tatu. Ya ngumi mara nyingi ina nne, na sakafu yake imekazwa kwa ajili ya kusimama, haikutengenezwa kwa ajili ya kuanguka. Ukikodi ringi ya ngumi ujue unachokodi. Ya kachi inataka mbao nene, sentimita 4 hivi, zilizolazwa juu ya vyuma na kuachiwa nafasi ndogo ya kucheza. Juu yake povu jembamba, sentimita 2 na nusu, halafu turubai lililovutwa mpaka lisifanye mkunjo hata mmoja. Mkunjo unanasa kidole cha kiatu, na kifundo kinateguka kweli.

Watu hudhani povu nene ni huruma. Povu likizidi, mguu unazama, mtu hawezi kugeuka haraka, na sauti inakufa. Ile "pwaa" ya mgongo ukigonga mbao inamfikia mtu wa safu ya nyuma aliyekingwa na kofia ya mbele yake. Akiisikia, anaamini hata asichokiona. Mkiweka ringi juu ya saruji moja kwa moja, bila nafasi chini, mnapata sauti ya gunia la maharage na mbavu zinazouma wiki nzima.

Kamba: sukuma ya juu kwa kiganja katikati ya upande. Inatakiwa ikubali kidogo na kurudi. Ikilegea kama kamba ya nguo, yote aliyosema Kona juu ya kurusha na kurudi hayawezekani, na ni heri muyaache kabisa usiku ule. Kazeni kabla ya kila pambano, siyo asubuhi tu, kwa sababu jua la mchana likiondoka turubai na kamba zinabadilika. Na mito ya kona ifungwe nyuma vizuri. Mto ukianguka bila kupangwa, watu wote wanageuka kuutazama, na hadithi imekatika.

#6 FanfariYaKenya

Naheshimu yote haya, lakini mnaongea kama watu wa Marekani. Hapa kwetu Kongo kachi ina dawa. Mtu anaingia na fanfari, bendi ya tarumbeta, amebeba kibuyu, anamwaga unga, mpinzani analala bila kuguswa. Edingwe wa Kinshasa amejaza viwanja kwa mambo hayo. Mtu wa kwetu anaamini. Goti la kushoto au la kulia linaingiaje hapo?

#7 Kona_ya_Katuba

Kaka, umeleta swali zito kuliko langu. Mimi naiheshimu kachi ya fetishi, hiyo ya dawa, na nakataa kabisa wanaosema kwamba dawa ikiingia mantiki inatoka. Dawa inadai mantiki kali zaidi, kwa sababu haina mizani ya mwili. Goti kila mtu analo. Nguvu ya kibuyu hakuna anayeijua mpaka umwonyeshe.

Kwa hiyo uzipe nguvu hizo sheria, na watu wazisome kwa macho. Dawa ikae mahali: kibuyu, hirizi, mkia wa ng'ombe, kitu kinachoonekana mpaka nyuma. Iwe na bei: akishaitumia, na yeye apungue, ashike kifua, apige goti, ahitaji muda. Na iwe na mlango wa kuvunjika: ikinyang'anywa, ikimwagwa, ikikutana na ya mwingine. Mtu anayemlaza mpinzani kwa kumtazama tu dakika ya kwanza amejifungia njia. Kama anaweza hivyo, kwa nini asimlaze tena na tena mpaka mwamuzi ahesabu? Kwa nini apigane hata kidogo? Swali hilo likishaingia kichwani mwa watu, fanfari haiwezi kulitoa.

Panga hivi. Mapema anajaribu dawa, mpinzani anamrukia kabla unga haujamwagwa. Watu wanajua sasa kwamba anahitaji sekunde tatu za utulivu. Pambano lote linageuka kuwa vita vya zile sekunde tatu. Anampiga mwenzake ili azipate, mwenzake anamng'ang'ania ili asizipate. Anapozipata, dakika ya tisa, hata anayekaa juu ya ukuta anashika kichwa.

#8 DadaWaRuashi

Na siyo jambo la kwetu peke yetu, kaka Fanfari. Mpiganaji Undertaker aliingia WWF, kampuni ya mieleka ya Marekani, mwaka 1990 kama mfu asiyeumia. Walifanya yale yale anayosema yaya: nguvu ikawekwa kwenye chungu cha majivu, na meneja wake, Paul Bearer, akakibeba. Januari 1994, katika pambano la jeneza na Yokozuna, ambapo anayefungiwa jenezani ameshindwa, lilikuja kundi zima la watu kumshambulia, lakini kilichommaliza ni chungu kufunguliwa: moshi wa kijani ukatoka, nguvu zikamtoka. Mtoto wa miaka sita anaielewa hadithi hiyo, kwa sababu nguvu ilikuwa na chombo, na chombo kina kifuniko.

#9 FanfariYaKenya

Nimekubali hilo la chombo. Na naongeza: mwenye dawa asipige ngumi kama wengine. Akishakuwa mtu wa dawa, kila anachofanya kifanane naye, hata namna ya kupanda ringi. Atembee polepole, mpinzani ndiye ahangaike. Nimeona wengine wanaingia na jeneza kwa heshima kubwa, halafu kengele ikilia wanarukaruka kama vijana wa sarakasi.

#10 Mwamuzi_Kampemba

Wakubwa na wadogo, nimesoma kimya, sasa naomba nafasi, kwa sababu mtu wa tatu ndani ya ringi amesahaulika, na yeye ndiye sheria inayotembea.

Mkipuuza sheria zake, mkorofi hana cha kuvunja. Ukorofi ni kuvunja sheria ambayo watu wanaijua. Kwa hiyo mwamuzi aonyeshe sheria mapema, katika dakika mbili za kwanza: mtu ameshikwa kabali, anagusa kamba, mwamuzi anasema achia, anahesabu mpaka tano kwa vidole vilivyoinuliwa juu, na anayeshika anatakiwa aachie kabla haijaisha. Kipenzi, yule anayeshangiliwa, anaachia kwenye mbili. Mkorofi anaachia kwenye nne na nusu, kila mara. Bila neno lolote mmewatambulisha wote wawili.

Hesabu ya mabega: mwendo mmoja usiku mzima. Kiganja kigonge mbao, sekunde moja hivi kati ya pigo na pigo. Mwamuzi anayesitasita kabla ya tatu kwa sababu anajua bega litainuka ameiuza siri. Watu hawajui wamejuaje, ila wanajua. Na kabla ya kuhesabu atazame mabega yote mawili, alale chini kweli, kidevu karibu na turubai. Hiyo ndiyo kazi ambayo mwamuzi halisi angefanya.

Sasa kosa kubwa kuliko yote: kupotezwa macho. Mwenzake mkorofi anapanda pembeni, mwamuzi anageuka kumzuia, nyuma yake kiti kinatumika. Sawa. Lakini mgongo wa mwamuzi ugeuke KABLA ya kiti kuonekana. Nimeona mara nyingi kiti kinainuliwa mwamuzi akikitazama, kisha anakumbuka kugeuka. Hapo sheria imekufa na haifufuki usiku huo. Na awe na sababu ya kubaki amegeuka: yule wa pembeni ameingiza mguu mmoja ndani, anausukuma, unarudi, anausukuma tena. Asisimame tu akiongea na mtu.

Mwamuzi akiangushwa, aangushwe na kitu ambacho kingemwangusha mtu wa kilo 65 kweli, na abaki chini. Mara moja kwa onyesho zima.

Nje ya ringi, hesabu mara nyingi ni 10 Marekani, Japani mara nyingi ni 20. Semeni yenu kwa kipaza sauti mwanzoni. Kisha iogopeni. Mtu anayepigana nje kwenye tisa bila kutazama ringi hata mara moja anawaambia watu kwamba ushindi haumhusu.

#11 Mgeni_Kadutu

Aksanti mzee, hilo la mgongo kugeuka kabla sikuwahi kulifikiria. Na ngumi? Sisi ringi yetu watu wanaizunguka pande zote nne, hakuna upande wa kuficha.

#12 Kona_ya_Katuba

Ndiyo shida ya kujifunza kutoka kwenye televisheni. Kule kamera inachagua upande, na pengo kati ya ngumi na shavu linafichwa. Uwanjani pande nne, daima kuna upande mmoja unaoona pengo. Kwa hiyo pigeni vinavyogusa. Kofi la kifua kwa kiganja kilichofunguka, chini ya shingo, juu ya nyama ya kifua: linagusa kweli, linalia kweli, ngozi inakuwa nyekundu kweli, na halivunji kitu. Kigasha kwenye kifua cha juu. Bega kwenye tumbo kule kona. Ngumi ziwe chache, zitunzwe kwa wakati wa hasira.

Mguu unaokanyaga mbao kwa ajili ya sauti utue pamoja na pigo. Ukitangulia, umepiga ngoma. Na anayepokea: ngumi ya mkono wa kulia inatua shavu lake la kushoto, kwa hiyo kichwa kinaelekea kulia kwake. Inaonekana rahisi ukisoma hapa, na ndani ya ringi, umechoka, jasho machoni, nusu ya vijana wanageuza upande usio wake.

Kabali ya mapumziko nayo isiwe ya kupumzika. Aliyeshikwa atafute vidole vya mwenzake avifungue kimoja kimoja, miguu isogee kutafuta kamba, uso ubadilike. Mnapoongea kupanga hatua inayofuata, mdomo ufichwe kwenye bega au nywele za mwenzio.

#13 Simba_wa_Kamalondo

Nakubali mengi, ila mnalitukuza goti kupita kiasi. Mapambano makubwa ya Japani yanapita dakika 40, watu wanapigwa kila mahali, mwisho wanakimbia kama hawajaguswa, na dunia nzima inasimama kushangilia. Hiyo mnaielezaje?

#14 DadaWaRuashi

Ndugu Simba, swali zuri. Tazama kwa makini kile kinachobeba maumivu kule: mara nyingi ni uchovu wa mwili mzima, hauko kwenye kiungo kimoja. Kazuchika Okada na Kenny Omega, tarehe 11 Juni 2017, Osaka, walipigana dakika 60 mpaka muda ukaisha, sare. Pigo la Okada la kumalizia ni kigasha shingoni baada ya kumvuta mtu kwa kifundo cha mkono. Akamvuta Omega, akaurusha mkono, na ukapita hewani, kwa sababu Omega alikuwa amechoka hata hakuweza kusimama kulipokea. Alianguka kabla ya kupigwa. Uchovu wake ulimwokoa! Wote wawili hawakuvunja hesabu yoyote. Waliweka saa mahali pa goti.

Na sisi Wakongomani tusihitaji kwenda Osaka. Tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, pambano la kweli kabisa: Muhammad Ali ameegemea kamba, George Foreman anampiga mikono na mbavu raundi baada ya raundi, anamwaga nguvu zake, na raundi ya nane Ali anatoka kwenye kamba na kumwangusha. Hakuna mwandishi wa kachi angeipanga vizuri zaidi. Mwanzoni kamba zilionekana kaburi la Ali. Mwishoni watu wakaelewa zilikuwa mtego. Yeyote anayeandika pambano la mtu mwembamba na jitu, aanzie hapo.

#15 Simba_wa_Kamalondo

Hapo umenishika dada. Lakini uchovu unaonyeshwaje bila kulala tu chini?

#16 DadaWaRuashi

Kwa mikono na pumzi. Dakika ya pili kofi la kifua linatoka begani, haraka. Dakika ya kumi na tano linatoka polepole, na aliyelipiga anayumba mwenyewe akishikilia kamba. Kuinuka: mwanzoni anaruka kusimama, katikati anainuka kupitia goti moja, mwishoni anapanda kamba kama ngazi, ya chini, ya kati, ya juu. Kulalia kifua cha mpinzani pia: mwanzoni anakunja na mguu, mwishoni mkono mmoja tu, ameangukia. Mtu wa nyuma anasoma vyote hivyo bila kuona uso.

#17 Kona_ya_Katuba

Ongezeni hapo suala la hesabu ya mbili, maana ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko kitu chochote siku hizi. Katika dakika 12, mimi ningeweka hivi: mbili za kupimana, wakishikana na kuachiana, kipenzi akionekana bora kidogo. Kisha kosa lake mwenyewe linamgeuzia mambo, na mkorofi anashika usukani dakika tano. Ndani ya hizo tano kipenzi anaonyesha dalili za kuinuka mara mbili, na zote zinakatwa kwa kile kile, goti. Kisha dakika tatu za kurudi juu, na mbili za mwisho. Mabega yahesabiwe mpaka moja tu, mapema, mara mbili tatu, hesabu za mbili ziwe tatu au nne tu, zote kuelekea mwisho. Ukiweka kumi na tano, ile ya tisa haimtoi mtu kwenye kiti.

Pigo la kumalizia la mpiganaji wenu mkuu lisiinukiwe na kila anayepita. Likiinukiwa, iwe mara moja kwa mwaka, mbele ya mtu mnayetaka awe mkubwa, na baada ya hapo mpigaji aonyeshe kwamba amestuka: atazame mikono yake, amtazame mwamuzi. Asipostuka yeye, nani atastuka?

Na mwisho unaweza kumpa heshima hata anayeshindwa. Bret Hart na Steve Austin, tarehe 23 Machi 1997, pambano la kusalimu amri, Ken Shamrock akiwa mwamuzi. Bret anaishambulia miguu ya Austin, mpaka anamkunja mguu kwenye nguzo ya ringi. Mwisho anamkunja miguu yote miwili na kumkalia mgongoni. Austin damu inamtiririka usoni, anakataa kugonga turubai kuonyesha amesalimu amri, anazimia humo humo. Ameshindwa kwa sheria ya pambano lenyewe bila kusalimu amri. Aliingia akichukiwa akatoka akipendwa, na Bret kinyume chake. Hakuna aliyehitaji kusema neno kwenye kipaza sauti.

#18 FanfariYaKenya

Na wale wanaosimama kundi zima nje, mikono juu, wakingoja mtu awarukie?

#19 Kona_ya_Katuba

Wapeni kazi. Mmoja yuko chini, wawili wanamwinua, wa nne anagombana na mwamuzi. Wote wamegeuka pengine. Mrukaji akipanda kamba, watu ndio wapige kelele, na kelele ndiyo iwafanye wageuke. Wanageuka, mikono inapanda kujikinga, na mikono ile ile ndiyo inayomdaka. Hivyo ni salama na inaaminika. Asiwe mtu mmoja wa kudaka. Wawe watatu angalau, bega kwa bega.

#20 Mwamuzi_Kampemba

Neno kwa vijana, kabla uzi haujaenda mbali. Tarehe 3 Agosti 1997, Owen Hart alimshika Steve Austin kichwa chini, akaketi naye ghafla, na shingo ya Austin ikaumia vibaya. Alilala bila kuweza kusogea. Owen akawa anawachokoza watu huku na huku ili kununua muda. Mwishoni Austin alijikokota akamkunja Owen kwa mkunjo dhaifu ambao usiku mwingine usingemshika mtoto, na mwamuzi akahesabu tatu. Mkunjo ule haukuwa na mantiki yoyote ya pambano. Ulikuwa uamuzi sahihi kabisa.

Kwa hiyo mkubaliane kabla ya kupanda. Mpiganaji akiumia kweli, anaukamua mkono wa mwamuzi au anamwambia. Mwamuzi anainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuikutanisha kama msalaba wa mshazari, X, na watu wa nje wanaingia hapo hapo, fanfari inanyamaza. Ishara hiyo msiitumie kamwe kwa maigizo, hata mara moja, hata kama hadithi ni tamu.

Na mpiganaji akisahau kuinua bega, au akachelewa, kiganja changu kinagonga tatu. Mpango ulikuwa aendelee, najua. Lakini watu wote wameona mabega chini, wamehesabu pamoja nami, na pambano limekwisha.